Maswali yenu kuhusu Lushoto: mji uko bondeni, watu wako juu

Haya jamani, tangu niliposema wiki ile kwamba mi ni mtoto wa Ubiri, Lushoto, meseji zimemiminika, wengine wanauliza mambo ya maana na wengine wanataka tu niwatumie peasi. Leo nimechukua machache nijibu moja baada ya jingine. Maswali nimeyafupisha, maana kuna mtu kaandika kurasa tatu kuulizia kiwanja, huyo nitamfikia mwishoni.

MDAU WA TABATA: Nilifika Lushoto kikazi, nikakuta stendi, soko, barabara moja ya lami na maofisi. Nimetembea dakika 20 mji umeisha. Halafu naambiwa wilaya ina watu karibu nusu milioni. Hao watu mmewaficha wapi?

Hatujawaficha kaka, ni we hukuinua shingo. Lushoto mjini pamekaa bondeni, mita kama 1,400 toka usawa wa bahari, na hapo ulipoona mahakama na benki na maduka ndo pa serikali na wafanyabiashara, sisi wenyewe tunakaa huko juu kwenye migongo ya milima, Ubiri, Gare, Kwai, Magamba, Malindi, Lukozi, Mlalo, mpaka Mtae kule mwisho ambako ukichungulia unaiona nyika yote iko chini ya miguu yako. Siku nyingine usiwahi gari la jioni, lala, ikifika saa mbili usiku toka nje uangalie juu uanze kuhesabu taa. Utachoka.

Namba zenyewe hizi hapa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 492,441 wilaya nzima ya Lushoto, hapo ni ukijumlisha halmashauri zote mbili, Lushoto 332,436 na Bumbuli 160,005. Mkoa mzima wa Tanga mwaka ule ulikuwa na watu 2,045,205, kwaiyo karibu robo ya mkoa iko kwenye milima hii. Na Jiji la Tanga lenyewe na bandari yake na reli yake na viwanda vyake lilikuwa na watu 273,332. Yaani sisi wa "kijijini" tulikuwa karibu mara mbili ya jiji! Ila hatuonekani kwa sababu hatujakaa pamoja, kila kilima kina nyumba zake na migomba yake na msikiti au kanisa lake, mara nyingi vyote viwili.

Sasa angalia hii namba nyingine ambayo mi ndo huwa inanigusa zaidi. Katika hao watu 492,441 wanawake walikuwa 262,205 na wanaume 230,236. Tofauti inakaribia watu 32,000. Sio kwamba kwetu wanazaliwa mabinti tu, hapana, ni kwamba sensa inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, na usiku ule wajomba zangu walikuwa wamelala Manzese, Mabibo, Tanga mjini, na kwenye mashamba ya mkonge huko chini. Ndo maana pia kutoka 2002 mpaka 2012 sisi tuliongezeka kama asilimia 17 hivi wakati nchi nzima iliongezeka kama asilimia 30. Watoto tunazaa kama kawaida yetu jamani, ila ardhi imeisha, shamba la babu liligawanywa kwa watoto saba, la baba likagawanywa tena, mwishowe unarithi matuta manne na mgomba, utafanyaje kama sio kupanda basi?

MAMA ZAI, MOROGORO: Naogopa ile barabara, kweli ina kona kama wanavyosema?

Ina kona mama, sikudanganyi. Toka Mombo kwenye barabara kuu mpaka Lushoto ni kilometa kama 33 tu lakini unapanda karibu mita 1,000 humo humo, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na mto uko chini unaenda na wewe. Njia hii Wajerumani ndo walioichonga kwanza, siku hizi ni lami. Katikati unapita Soni, pale kuna maporomoko ya maji yako pembeni kabisa ya barabara unayaona hata bila kushuka kwenye gari, na ndo pale watu wengi masikio yanapoziba na watoto wanapoanza kutapika kwaiyo beba mfuko na malimao.

Kinachotisha sio kona, ni masika. Mwaka mmoja wa Aprili nilikuwa kwenye basi la asubuhi, kampuni siitaji, tukakuta udongo umeshuka umelala barabarani na mgomba umesimama juu yake vilevile wima kama umepandwa pale. Dereva kasema tusubiri, konda kasema nauli hairudi, abiria tukashuka tukavua viatu tukavuka kwa miguu na mizigo kichwani, upande wa pili kulikuwa na Noah tatu zishajipanga, nauli mara mbili. Wale wa Noah walifikaje mapema vile sijaelewa mpaka leo.

KIJANA WA ARUSHA: Ni kweli Lushoto ilitakiwa iwe makao makuu ya Wajerumani?

Hii story ipo sana na wenyeji wengine wanaipenda, ila hapana. Makao makuu yao yalikuwa Bagamoyo kwanza halafu Dar es Salaam kuanzia 1891. Lushoto ilikuwa makao ya wilaya tu, na mahali pao pa kukimbia joto, maofisa wa Tanga na Dar walikuwa wanapanda huku kupumua hewa ya baridi na kujifanya wako kwao. Wakapaita Wilhelmstal, maana yake bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm wa Pili. Angalia hilo jina lenyewe, bonde. Walipapenda kwa sababu ni bondeni, kuna maji, tambarare kidogo ya kujenga nyumba zao zenye mabati ya mteremko mkali na bustani. Msambaa wa zamani, yaani mwenyeji wa milima hii, angekushangaa ukimwambia mji uweke bondeni, mji unawekwa juu mahali unapomwona adui anakuja.

Mji wetu hasa ulikuwa Vugha, uko juu ya mgongo upande wa Soni na Bumbuli, pale ndo palipokaa wafalme wetu wa ukoo wa Kilindi. Halafu kulikuwa na Mazinde kule chini nyikani ambapo misafara ya wafanyabiashara ilipita. Wajerumani wakakuta nchi ina vichwa viwili, mmoja wa juu mmoja wa chini, na wao wakaweka cha tatu katikati. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa aliyekuwa anatawala Vugha, na baada ya hapo kila mtu akajua amri sasa inatoka bondeni.

Reli nayo ilichangia. Waliianza Tanga 1893, ikafika Mombo 1905, na 1911 ikawa Moshi. Ilipofika Mombo tu huku juu pakawa karibu. Kule Shume walikuwa na msitu wa miti mizuri ya mbao, wakatundika waya mnene kutoka juu mpaka stesheni ya Mkumbara chini, magogo yanashuka yananing'inia hewani. Fikiria hiyo enzi ya hakuna umeme kijijini, mzee wa watu yuko shambani anapalilia maharage anainua macho anaona gogo linapita angani. Kwai napo walifungua shamba la majaribio mwaka 1896, wakajaribu viazi, ngano, matunda ya kwao na ng'ombe. Sehemu kubwa ya wanachokiita watu "mboga za Lushoto" mzizi wake uko kwenye majaribio kama yale na kwenye bustani za wamisheni. Waingereza wakaingia Juni 1916 katikati ya vita, na ilipoisha, Wilhelm akaondoka na jina lake, ikabaki Lushoto.

MSOMAJI WA VANGA, KWALE: Bibi yangu alikuwa akimtaja Kimweri kama mfalme aliyetawala mpaka huku pwani. Lushoto na Vanga wapi na wapi?

Swali bora la wiki hili, na bibi yako alikuwa sahihi, asante kwa kunipa nafasi.

Tuanze nyuma kidogo. Ukoo wa Kilindi unaanzia kwa Mbegha, mwindaji aliyetoka nchi ya Wazigua wa Nguu. Simulizi inasema alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota, na zamani mtoto wa hivyo alihesabiwa mkosi kwaiyo ndugu zake wakamkimbiza ili asirithi. Akaja milimani na mbwa wake, akawa anaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba ya watu, na nyama anagawa. Watu wa huku walikuwa na chakula cha shamba ila nyama shida, kwaiyo unaona mwenyewe siasa ilivyoanza, nyama! Wakampa mke, wakampa heshima, akaua na simba, mwishowe Vugha wakamfanya mfalme. Baada yake akaja Bughe, kisha Kinyashi, kisha Kimweri, yule wanayemwita Kimweri ye Nyumbai.

Huyo Kimweri ndo wa bibi yako. Alitawala miaka mingi mno nusu ya kwanza ya karne ya 19 mpaka alipokufa 1862, na nguvu yake ilitoka Usambara, yaani milima yetu hii, ikashuka hadi pwani kati ya Pangani na Vanga. Kule pwani ilikuwa ni mambo ya kubebana, Sultani wa Zanzibar ana watu wake na Kimweri ana haki yake, diwani, yaani mkuu wa mji, anaweza kutambuliwa na wote wawili na zawadi zinaenda kote kote. Ndo maana Krapf, yule mmisionari aliyekuwa Rabai karibu na Mombasa, alipotaka kufungua misheni bara alimwendea Kimweri Vugha mwaka 1848 na akarudi tena 1852. Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kiingereza, nao walipanda 1857 kumsalimia. Walimkuta mzee kachoka. Mi nikisoma habari za wageni wale huwa nacheka, wanaandika kuhusu mfalme, mvua, matope na baridi, yaani hata leo mgeni akirudi kutoka Lushoto anasimulia hayo hayo, kasoro mfalme.

Kuhusu mvua, hilo sio la mzaha. Kazi ya mfalme kwa Wasambaa ilikuwa kuiponya nchi, wazee wanasema kuzifya shi, na nchi ikiharibika ni kubana shi. Mfalme mwenye nguvu moja asiye na mpinzani, mvua inanyesha. Wafalme wawili wakishindana, njaa. Na ndo kilichotokea Kimweri alipokufa. Mjukuu wake Shekulwavu akakalia kiti Vugha, lakini mtoto wa marehemu, Semboja, alikuwa amekaa Mazinde chini nyikani njia ya misafara, anapata bunduki na baruti, akamfukuza yule mjukuu. Sasa cha ajabu Semboja mwenyewe hakutaka kuhamia Vugha! Akamuweka mwanae juu kule awe mfalme, yeye akabaki chini kwenye biashara. Miaka ikapita kwa vita, watu wakikamatwa na kuuzwa utumwani, Wabondei wakaasi wakajitoa. Na pwani yenu hiyo ikatoka mikononi. Kwahiyo nikikwambia mji mkubwa wa watu wetu ulianza kushuka mlima kabla hata Mjerumani hajafika, ndo maana yake hii.

WA MBEYA: Kwanini Wasambaa wengi majina yanaanza na She, Shemdoe, Shekilango, Shelukindo?

She ni baba. Shekilango ni kama useme baba Kilango. Basi, fupi tu hivyo. Ukikutana na mtu wa She popote duniani msalimie "onga mshi" kama ni mchana, akikujibu "niwedi" ujue umeshapata pa kula.

MWANAFUNZI WA LUGHA, DAR: Nimesikia huko kwenu kuna watu lugha yao haijulikani ni ya kibantu au sio ya kibantu, ni kweli?

Wambugu hao, majirani zangu kabisa, utawakuta pande za Magamba na Kwai kwenye malisho ya juu karibu na msitu. Toka zamani ni watu wa ng'ombe, wakati Msambaa analima migomba wao wako juu kwenye baridi na mifugo.

Lugha yao ndo kiboko. Wana namna mbili za kuongea. Moja ni Kimbugu cha kawaida, kinafanana sana na Kipare, ukijua Kipare unaelewa. Nyingine ni ya ndani, wanaiita Kima'a, na hiyo sarufi yake ni ile ile ya kibantu, ngeli zipo, viambishi vipo, ila maneno mengi ni ya kikushi, yaani ya ukoo wa lugha kama Kiiraqw na Kisomali. Mtu mmoja, sentensi moja, anaweza kuisema kwa namna zote mbili na vichwa na mikia vinabaki sawa, katikati tu ndo anabadilisha. Wataalamu wa lugha wa Ulaya wamebishana miaka na miaka juu ya hilo. Wazee wanasema ile ya ndani ni ya kutusengenya sisi tusioijua, na mi naamini, kwa sababu nilipokuwa mdogo nikitumwa maziwa kwa mama mmoja wa Kimbugu alikuwa anaanza kuongea na mumewe ile lugha kila nikimpa pesa pungufu.

Ukiacha hao utakuta Wapare upande wa kaskazini magharibi, Wazigua huko chini, na mjini utakuta kila kabila kwa sababu ya maofisi na vyuo, mahakimu wanasomea pale, na makao ya dayosisi ya Kilutheri yapo hapo hapo.

BINTI WA ILALA: Nije lini nisigandishwe na baridi? Na matunda msimu wake lini?

Juni mpaka Agosti usije na kigauni, utajuta, ukienda Shume au Magamba asubuhi mdomo unatoa moshi. Masika ni Machi mpaka Mei, matope. Vuli inaanza Oktoba. Katikati hapo kuna vimvua tunaita mluati, ndo vinavyosukuma mboga kiangazi. Matunda ya baridi, plamu, pichesi, peasi, yanashika kuanzia Desemba hivi mpaka Februari, na jua ndo lipo, kwaiyo njoo Januari. Nenda Irente, kilometa kama sita toka mjini, kuna jabali ukisimama pale mlima umekatika na Mazinde iko chini yako na mashamba ya mkonge yamepangwa kama karatasi ya hesabu. Usisogee ukingoni kupiga picha.

Na naomba sana, ile Amani yenye misitu na vipepeo sio Lushoto, iko Usambara ya Mashariki, ni Muheza, kati yetu na wao kuna bonde la Lwengera. Watu wananipigia simu wako Muheza wananiuliza "niko karibu?"

MDAU WA KARIAKOO: Mboga zote mjini zinatoka kwenu, mbona hamtajiriki?

Hahaha. Kaa chini.

Njoo siku ya gulio, Lushoto ni Alhamisi na Jumapili, lakini usiende sokoni mjini, nenda juu Lukozi alfajiri. Utawaona kina mama wanashuka kwenye vijia na matenga kichwani, karoti, kabichi, hoho, viazi, wengine wametoka nyumbani saa kumi usiku. Barabarani kuna fuso imesimama, na pembeni ya fuso dalali na kalamu sikioni. Sasa angalia gunia la viazi linavyofungwa. Linajazwa mpaka mdomo, mtu anapanda juu analikanyaga, linajazwa tena, halafu anashonea kipande kingine cha gunia juu kama kofia anakijaza nacho, anafunga kwa kamba ya katani kwa mtindo wa nyavu, kwa juu anaweka majani viazi visidondoke. Hiyo ndo lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini ile ukiiangalia tu unajua ni zaidi, na bei inayolipwa ni ya "gunia moja". Mkulima akikataa fuso inaondoka na viazi vyake vinabaki barabarani, wewe utavirudisha mlimani? Mama yangu mdogo aliwahi kukataa. Tulikula viazi wiki tatu, asubuhi chai na viazi, mchana viazi na maharage, usiku tukaviponda tukavipa jina jipya.

Na usisahau lile shamba lenyewe liko mteremkoni. Udongo unashuka kila masika, na hiyo ni shida ya zamani. Waingereza mwaka 1946 walianza mradi Mlalo wa kuokoa udongo, wakalazimisha watu kupiga matuta ya kukinga mteremko, kila kaya lazima, usipopiga faini. Kazi yenyewe nani alikuwa anaifanya? Kina mama na jembe la mkono, waume wako mkonge. Sehemu zingine matuta yakashika maji mengi udongo ukaporomoka pamoja nayo, na watu wakaanza kuhisi labda shamba likishatengenezwa vizuri mzungu atalichukua. Wakagoma. Ikawa siasa, TANU ikapata watu wengi hapo, na mwishoni mwa miaka ya 50 mradi ukaachwa. Bibi yangu mpaka anakufa ukitamka neno matuta alikuwa anasonya.

Kilichokuja kushika ni baadaye, kuanzia 1981, mradi mwingine uliitwa SECAP, hawa walikuja kwa upole kidogo, panda majani ya gwatemala kwenye kingo, panda miti, ng'ombe mfungie ndani umletee majani na mbolea uirudishe shambani. Majani ya gwatemala bado yapo kila mahali, ukipita unayaona yamejipanga mistari mlimani kama nywele zilizosukwa. Yalishika kwa sababu ng'ombe anayala, na ng'ombe anatoa maziwa, mtu anaona faida jioni ile ile. Sio sayansi ngumu.

MPENDA MAUA, DODOMA: Ni kweli yale maua ya zambarau ya dirishani wanayouza Ulaya yametoka kwenu?

Ndiyo, Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alituma mbegu kwa baba yake Ujerumani, na ua likaitwa Saintpaulia kwa jina lao. Kwetu linaota lenyewe kwenye majabali yenye kivuli na hakuna aliyekuwa analipeleka dirishani. Leo linauzwa dunia nzima na hatujapata hata shilingi.

YULE WA KURASA TATU: Nimestaafu, nataka kiwanja Lushoto nijenge nyumba ya kupumzikia, mjini au vijijini, na bei gani?

Bei sitaji, kila mtu ana bei yake na wewe ukishaonekana una gari ya Dar inapanda papo hapo. Ila sikiliza. Bondeni mjini kuna maji na umeme wa uhakika zaidi na lami, lakini baridi inatuama na jua linachelewa kutoka nyuma ya mlima. Juu kuna jua mapema na mtazamo, lakini Noah ya mwisho ikikupita unatembea, na ardhi ya juu ni ya ukoo, sio ya mtu mmoja. Aliyekuonyesha kiwanja ni kijana mmoja eti kasema baba yake amefariki na yeye ndo mrithi, si ndivyo ulivyoandika? Ana ndugu wangapi? Umeshawaona? Yule aliyeko Mabibo umempigia simu? Nenda ofisi ya kijiji, omba ukoo wote wakae, na shangazi zao wawepo, hasa shangazi, maana kwa ile tofauti ya watu 32,000 niliyoitaja juu huko, waliobaki wanalima hilo shamba miaka yote ni wao, na siku ya kuuza wanaitwa mwisho. Mpakani utakuta mti wa isale, usiung'oe hata kama uko katikati ya ramani yako ya sebule. Mjomba wangu alinunua kipande Malindi kwa mtu mmoja, mwaka wa pili wakatokea wanne, sasa hivi kila akifika analala kwa mchungaji huku shamba lake linalimwa viazi na mtu asiyemjua.